Kingo za mpini wa titani zinakuuma kiganjani? Zilainishe mwenyewe

Swali hili halikomi kuja, na kila anayeliuliza hulieleza kwa namna moja: amenunua kisu cha kukunja chenye mpini wa titani, kisu kizuri, bapa linakata na kufungika vyema, lakini akikishika kwa nguvu kwa dakika chache mpini unamuuma. Kiwandani ubavu wa mpini ulikatwa kwa mashine, kingo zikapitishwa mkato mwembamba wa mshazari, kazi ikaishia hapo. Je, anaweza kuimalizia nyumbani?

Anaweza, na wewe unaweza. Inahitaji tupa, msasa, jiriwa na mtu asiye na haraka. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: ondoa kidogo sana, kwa mkono, na usiguse chochote kinachohusika na kulifunga bapa. Titani ukishaiondoa hairudi.

## Kwanza mtafute mkosaji

Kabla hujafungua hata skrubu moja, chukua kamba nene au kadibodi, kata kwa dakika mbili tatu, kisha tazama kiganja. Alama nyekundu zitakuonyesha mahali hasa panapouma. Mara nyingi si pale ulipodhani. Wanaoshukiwa ni hawa:

- Klipu ya mfukoni. Ncha yake ikikuchoma katikati ya kiganja, hakuna tupa itakayokusaidia kwenye mpini. Ihamishie upande wa pili kama kisu kina matundu ya kuipokea, au ilainishe yenyewe peke yake.
- Vijimeno vya mgongoni vinavyozuia kidole gumba kisiteleze. Hivi vinatosha kupitishwa msasa kidogo. Ukivifuta kabisa umeondoa sababu ya kuwapo kwake.
- Mkato wa kidole gumba, yaani sehemu iliyochongwa ubavuni ili kidole kifikie ulimi wa kufungia. Kingo zake huachwa kali mno katika visu vingi.
- Kingo za nje za mpini, chini ya kidole cha shahada na pale mkia wa mpini unapokalia kiganja.

Bandika utepe wa karatasi juu ya mpini na utie alama sehemu hizo tu. Si lazima ulainishe mpini mzima. Ukiniuliza mimi, sehemu mbili zilizolainishwa vizuri zina faida kuliko mzunguko mzima uliofanywa kwa pupa.

## Je, ni titani kweli?

Neno titani huandikwa hata kwenye visu vya chuma vilivyopakwa utando wa nitraidi ya titani, ule wenye rangi ya dhahabu. Ukiupiga tupa, utando unaondoka na chuma kilicho chini kinaanza kushika kutu. Jaribu kwa sumaku baada ya kuutenga ubavu na bapa na skrubu zake: sumaku ikinata, hiyo si titani. Isiponata bado inaweza kuwa alumini. Alumini ni nyepesi zaidi, gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati titani ni kama gramu 4.4. Tena alumini hulika upesi chini ya tupa. Ukiona ubavu unakatika kwa ulaini usioutarajia, simama ufikiri upya.

Mipini mingi hutengenezwa kwa aloi inayoitwa daraja la 5, yenye takriban asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi. Wasomaji wa Pwani ya Kenya wanaijua titani kwa upande wake mwingine: mchanga mweusi wa Kwale, uliochimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024 na kusafirishwa kwa meli kutoka Likoni. Madini ya namna ile, sehemu kubwa huishia kwenye rangi nyeupe ya ukuta. Kuyageuza kuwa metali ni kazi ndefu yenye gharama, na ndiyo sababu mpini wako una bei ile.

## Vifaa

- Jiriwa ndogo, na vipande viwili vya mbao laini au ngozi vya kuvisha meno yake.
- Tupa laini bapa, tupa nusu duara, na seti ya tupa ndogo za sonara kwa ajili ya mikunjo.
- Chaki ya ubaoni na brashi ya waya wa shaba.
- Msasa wa maji namba 220, 320, 400 na 600.
- Kifutio cha shuleni au kipande cha raba cha kuzungushia msasa.
- Utepe wa karatasi na kalamu ya wino usiofutika.
- Biti za Torx zenye ubora, hasa T6 na T8.
- Miwani ya kinga, barakoa nzuri na glavu nyembamba.

Usitumie tupa kuukuu iliyokwishapiga chuma miaka mingi. Meno butu hayakati titani, yanaisugua tu, na titani ikisuguliwa bila kukatwa uso wake unazidi kuwa mgumu.

## Usiguse hapa

Visu vingi vya titani hufungwa kwa mfumo uliobuniwa na Chris Reeve, mtengenezaji visu wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho, Marekani. Ubavu mmoja wa mpini umepasuliwa na kuacha ulimi mrefu. Bapa likifunguka, ulimi unaingia nyuma yake na kulizuia lisirudi vidoleni mwako. Usalama wa mkono wako uko kwenye ulimi huo.

Kwa hiyo, usipitishe tupa wala msasa sehemu hizi:

- Uso wa mbele wa ulimi, pale unapogusa bapa. Upunguze kidogo tu, na ulimi utaanza kuingia kupita kiasi au kuteleza. Kama kuna kipande cha chuma kilichofungwa hapo kwa skrubu, nacho ni hivyo hivyo.
- Sehemu ya ulimi iliyokonda kwa makusudi ili uweze kupinda. Unene wake ndio nguvu ya springi.
- Kijipira kidogo cha chuma au kauri kilichopachikwa ndani ya ulimi. Ndicho kinacholizuia bapa lisijifungue mfukoni.
- Duara la ndani linalozunguka tundu la skrubu kuu, mahali washa au beringi zinapokaa.
- Matundu ya pini inayolisimamisha bapa.

Wapo watu wanaobishana nami juu ya kingo za ndani, zile zinazotazamana na bapa. Wanasema nazo ni kali. Ni kweli, lakini hazigusi kiganja. Ziguse mgongoni tu, ambako kidole hufika, na kwa msasa peke yake.

## Kukifungua kisu

Kuna anayetaka kupiga tupa kisu kikiwa kizima. Usifanye hivyo. Unga wa titani utaingia kwenye beringi, na bapa lililo wazi karibu na mikono inayosukuma kwa nguvu ni kutafuta jeraha.

1. Funga bapa kwa kadibodi na utepe kabla ya kugusa skrubu.
2. Piga picha kila hatua kwa simu, pande zote mbili.
3. Skrubu ikigoma, usilazimishe. Huenda imetiwa gundi. Gusisha ncha ya pasi ya kulehemu kwenye kichwa chake kwa nusu dakika hivi, gundi italainika, kisha jaribu tena ukiwa umekandamiza biti wima kabisa.
4. Weka skrubu kwenye trei ya mayai, kila moja kwenye shimo lake kwa mpangilio wa kutoka. Zinafanana kwa macho, lakini urefu hutofautiana.
5. Washa zitunze mahali pasipo vumbi. Zikipinda, bapa halitazunguka tena kama zamani.

Fahamu pia kwamba kiwanda kinaweza kukataa dhamana ya kisu kilichofunguliwa, na kitakataa kwa hakika kile kilichopigwa tupa. Soma karatasi ya dhamana kabla hujaanza. Kama kisu ni cha mkusanyaji, chenye thamani ya kuuzwa baadaye, mimi ningekiacha kilivyo.

## Mstari kabla ya tupa

Paka wino wa kalamu kwenye ukingo wote unaotaka kuulainisha, upana wa milimita mbili hivi, juu ya uso na ubavuni pia. Kisha chora mstari mwembamba nusu milimita kutoka kwenye kona, pande zote mbili za kona. Kalipa itakusaidia: ifunge kwenye nusu milimita, taya moja iegemee ukingo, nyingine ikwaruze wino polepole.

Nusu milimita inaonekana kama si kitu. Wengi husoma kipimo hicho wakadhani nimekosea. Kwenye kiganja, nusu milimita iliyolazwa kwa nyuzi 45 inabadilisha mpini kabisa. Anza na hiyo, unganisha kisu, kitumie siku chache. Ukihitaji zaidi utarudi. Kwa ubavu wenye unene wa milimita tatu au nne, upunguzaji huo haugusi uimara.

Funika uso uliobaki kwa utepe wa karatasi mara mbili, uishie pale mstari ulipo. Tupa itateleza siku moja. Afadhali iteleze juu ya utepe.

## Kupiga tupa

Bana ubavu kwenye jiriwa ukiwa bapa kati ya mbao mbili, ukingo unaoshughulikia ukitokeza kidogo tu. Usibane ulimi wa kufungia ubavuni, wala usiubane peke yake, kwa sababu ukipinda hata kidogo, kufungika kwa bapa kutabadilika.

Sugua chaki kwenye meno ya tupa mpaka yajae weupe. Titani ina tabia ya kunata. Chembe zake hujibana kati ya meno ya tupa, na chembe moja iliyobanwa huchimba mfereji mrefu kwenye kazi yako, mfereji ambao utatumia msasa jioni nzima kuufuta. Chaki inazizuia zisishike. Baada ya kusukuma mara tano au sita, geuza tupa uitazame kwenye mwanga. Ukiona vidoadoa vinavyong'aa, pitisha brashi ya shaba kufuata njia ya meno, kisha rudisha chaki.

Sasa laza tupa kwa nyuzi 45 na usukume mbele. Tupa hukata ikienda mbele tu, inaporudi inyanyue. Mwendo uwe wa pole na mkandamizo uwe thabiti. Wanaoanza hufanya kinyume: wanaenda mbio huku wamekaza kidogo, tupa inateleza juu juu, uso unang'aa kama kioo na haukatiki tena. Ikikutokea, usiongeze kasi. Badili uende sehemu ya tupa yenye meno mapya, kaza zaidi kidogo, sukuma taratibu mpaka uisikie inauma.

Sauti itakuongoza. Tupa inayokata titani hutoa mkwaruzo mzito usiokatika. Ikianza kupiga mlio mwembamba wa kuudhi, ama meno yamejaa, ama ubavu unatetemeka kwa kuwa umetokeza mno nje ya jiriwa. Rekebisha kabla ya kuendelea, maana mtetemo huacha mawimbi madogo yanayoonekana vizuri baada ya kung'arisha.

Kwenye mikunjo kazi inabadilika. Mkunjo wa ndani, pale kidole cha shahada kinapokaa, utumie tupa nusu duara ambayo duara lake ni dogo kidogo kuliko mkunjo. Isukume mbele huku ukiivuta pembeni kwa wakati mmoja, ifuate ukingo kama inavyouzunguka. Ukiisukuma moja kwa moja utachimba mashimo madogo madogo, na mkono utayahisi hata jicho lisipoyaona. Mkunjo wa nje, tupa bapa inatosha. Mkono wa nyuma unashuka kadiri tupa inavyokwenda mbele.

Hesabu mara unazosukuma. Kama ubavu wa kulia umeupa kumi sehemu moja, wa kushoto upe kumi sehemu hiyo hiyo. Na uache tupa wino ukiwa umebaki unyuzi mwembamba kabla ya mstari. Unyuzi huo ni mali ya msasa.

## Msasa, na jaribio la pamba

Mshazari uliopigwa vizuri umeondoa kona moja kali na kuzaa kona mbili butu. Hizo mbili ndizo zinazotakiwa kuvunjwa sasa, na hapa ndipo starehe ya mkono inapopatikana.

Zungushia msasa namba 220 kwenye kifutio, ulowanishe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, upitishe kufuata urefu wa ukingo. Kamwe usikate ukingo kwa upana. Mikwaruzo ya kukingama haifutiki kirahisi. Ukishafuta alama zote za tupa, nenda 320. Hapo anza kuuviringisha mkono kidogo kila unapopita, ili kona mbili zile ziyeyuke kuwa mviringo mmoja. Kisha 400, kisha 600. Usiruke namba. Anayeruka kutoka 220 kwenda 600 hung'arisha vilele vya mikwaruzo na kuacha mabonde yake pale pale.

Kujua kama umemaliza, osha ubavu, ukaushe, halafu pitisha kipande cha pamba juu ya ukingo mzima bila kukandamiza. Nyuzi za pamba zitanasa kila mahali palipobaki kijimeno, hata kile ambacho ngozi ya kidole haikukihisi. Tia alama hapo, rudi na 400. Pamba ikipita nzima, mpini hautakukwaruza.

## "Nina grinda, kwa nini nijitese na tupa?"

Kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni joto. Titani hupitisha joto vibaya sana. Alumini huipita zaidi ya mara ishirini. Joto la mashine halisambai, linakaa pale pale kwenye ukingo mwembamba, na ukingo unageuka rangi: kwanza kahawia hafifu, kisha zambarau, kisha bluu.

Ya pili ni moto. Unga laini wa titani unawaka, na cheche zake ni nyeupe kali. Kwa tupa na msasa wa maji hatari ni ndogo, kwa kuwa chembe ni kubwa au zimelowa. Kwa mashine inayorusha unga mkavu ni habari nyingine, hasa pale unga huo unapokutana na cheche za chuma. Titani ikiwaka usiimwagie maji, yanazidisha moto. Ifukie kwa mchanga mkavu, na uwe na ndoo yake karibu hata kama unatumia mkono.

Ya tatu ni kwamba mashine haikupi muda wa kubadili mawazo. Sekunde moja ya kuteleza inachukua zaidi ya nusu milimita yote uliyopanga.

Mashine ndogo za mkononi, za aina ya Dremel, zina matatizo hayo hayo, na juu yake huacha mawimbi kwenye mistari mirefu.

Ukimaliza kila kipindi cha kazi, futa meza kwa kitambaa chenye maji. Usipulize unga kwa mdomo, na usiufyonze kwa mashine ya kufyonzea vumbi. Sumaku haitaukusanya. Barakoa ivae muda wote, na zaidi sana kama ubavu wa pili wa kisu ni wa nyuzi za kaboni au G10, ambayo ni nyuzi za kioo ndani ya gundi ngumu. Vitu hivyo viwili vipigwe msasa vikiwa vimelowa, bila mjadala.

## Rangi haifanani tena

Ukingo mpya utang'aa kijivu huku mpini uliobaki una rangi ya kiwandani. Usihofu kutu, titani hujivika utando wake yenyewe mara inapokutana na hewa, na hata chumvi ya baharini haiiwezi. Tatizo ni la macho tu, na una njia kadhaa.

Ya kwanza ni kuuacha. Mstari mwembamba unaong'aa kuzunguka mpini wa buluu una uzuri wake, na wapo wanaoulipia.

Kama mpini ulikuwa na mikwaruzo midogo midogo ya mawe, unaweza kuirudisha. Tia ubavu ndani ya chupa imara ya plastiki pamoja na kokoto ndogo safi, maji na sabuni, uitikise kwa dakika kumi, utazame, uitikise tena. Ondoa kwanza kila kipande cha chuma kinachoondoka.

Anayetaka rangi yenyewe atumie umeme. Rangi ya titani haitoki kwenye wino, inatokana na unene wa utando, na unene unaamuliwa na volti. Betri tatu za volti 9 zilizounganishwa mfululizo zinatoa kama volti 27, na hapo unapata buluu iliyoiva. Koroga magadi ya kuokea ndani ya maji, ubavu wa kisu uunganishwe upande chanya, kipande cha foili ya alumini upande hasi, na viwili hivyo visigusane. Safisha titani kwa spiriti kwanza, kwani alama ya kidole itaonekana milele. Kijipira cha ulimi kikiwa cha chuma, usizamishe sehemu hiyo. Vaa glavu za mpira, fungua dirisha, na usipande volti zaidi ya hapo kama hujawahi kushughulika na umeme wa namna hii.

## Kukirudisha

Osha kila kipande kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, hasa ndani ya mpasuo wa ulimi ambako unga hupenda kujificha. Kausha kabisa. Tia tone moja la mafuta mepesi kwenye beringi au washa, na usitie hata chembe kwenye uso wa ulimi unaogusa bapa.

Kaza skrubu za mwilini kwanza, kisha skrubu kuu, kidogo kidogo mpaka bapa lizunguke bila kuyumba kushoto na kulia. Fungua kisu mara kadhaa na utazame ulimi unaishia wapi nyuma ya bapa; linganisha na picha uliyopiga mwanzoni. Halafu, vidole vikiwa mbali na njia ya bapa, gonga mgongo wake taratibu kwenye ubao. Likijifunga, hata mara moja, kisu hicho kisiingie mfukoni mpaka fundi wa visu akitazame.

Likibaki imara, chukua ile ile kamba nene na ukate tena. Kagua skrubu baada ya wiki ya matumizi, kwa sababu zile zilizopoteza gundi yake hulegea zenyewe. Tone dogo la gundi ya skrubu, ile ya bluu inayofunguka tena, litazituliza.